Roboti zinatusaidia sana, ila mtu naye aende

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kupeleka watu sayari nyingine ni kuchoma hela bure na kwamba roboti zinatosha. La hela namuelewa, na hata kwenye roboti nakubaliana naye nusu, maana zimepiga kazi kweli kweli, ile roboti ya magurudumu Opportunity ilitua sayari ya Mirihi 2004 ikitegemewa kufanya kazi kama miezi 3 tu ikaenda mpaka 2018, nani asiyeiheshimu. Ila hapo kwenye "zinatosha" ndo tunaachana.

Hebu tuangalie kitu kimoja kilichotokea Mwezini Desemba 1972, safari ya Apollo 17 ya Wamarekani. Harrison Schmitt, mwanajiolojia wa kusomea kabisa, alikuwa pembeni ya shimo moja linaitwa Shorty na muda wao pale ulikuwa mfupi, hewa inahesabiwa. Huko kila kitu ni kijivu, mawe kijivu, vumbi kijivu. Akatupa jicho chini pale miguu yake ilipotifua udongo akaona rangi ya chungwa. Akapiga kelele, mwenzake Eugene Cernan akamwambia asiuguse kwanza mpaka naye auone, halafu wakachimba kamtaro haraka haraka na kupigilia bomba kuchukua udongo wa chini. Kumbe ni chembe za kioo zilizorushwa na volkano zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita, na mwaka 2008 wanasayansi walipopima chembe za namna hiyo zilizoletwa na Apollo wakakuta dalili za maji ndani yake, wakati miaka yote hiyo tuliambiwa Mwezi ni mkavu kabisa. Sasa roboti ungeituma vipi ikatafute udongo wa chungwa wakati hakuna mtu aliyejua kama upo?

Utasema kamera ingeuona. Sawa, labda. Lakini kamera ya Mirihi ikiona kitu, taarifa inasafiri dakika 3 mpaka 22 hivi kufika huku kutegemea sayari zimekaaje, watu wakae wajadili, waandike maagizo, wayatume, wasubiri kesho. Ndo maana Opportunity ilichukua miaka 11 kumaliza kilomita 42, na wale wawili wa Apollo 17 na kigari chao walizunguka kama kilomita 35 kwa siku 3. Tena bila kukimbizana, walikuwa wanasimama, wanagonga mawe, wanachagua.

Na kitu kikiharibika je? Hapa ndo panaponiuma hasa. Mwaka 2018 InSight, chombo kisicho na mtu, ilitua Mirihi na kifaa cha kujigongelea chini ardhini, kilitakiwa kishuke mita 3 mpaka 5 kupima joto la ndani ya sayari. Udongo wa pale haukukibana vizuri, kikawa kinadunda tu palepale. Wahandisi wakahangaika nacho karibu miaka 2, wanakisukuma kwa mkono wa chombo, wanakikandamiza kwa juu, mpaka Januari 2021 wakakata tamaa, sehemu yake ya juu ikiwa imezama sentimita chache tu chini ya udongo. Mtu aliyesimama pale mwenye koleo angesogea hatua mbili akachimba shimo lingine! Linganisha na Cernan, nyundo yake ilinasa madigadi ya kigari ikavunja kipande, vumbi likawa linawamwagikia, vumbi la Mwezini linakwaruza kila kitu. Kesho yake wakaunganisha ramani nne kwa tepu, wakazibana pale kwa vibanio vya taa, wakaendelea na safari.

Hatari sitaificha. Watu 3 walikufa kwenye moto wa Apollo 1 mwaka 1967 wakiwa kwenye mazoezi tu, 7 wakafa na chombo cha Challenger 1986, wengine 7 na Columbia 2003. Mirihi ni miezi 6 au zaidi kwenda tu, mionzi njia nzima, na ukiugua huko hakuna wa kukurudisha haraka. Kwahiyo sisemi waende kesho wala sisemi waende kwa mashindano ya bendera. Nasema roboti zitangulie, zikague, halafu mtu afuate na macho yake na mikono yake, na mzigo anaorudi nao tuulinganishe wenyewe: roboti za Wasovieti zilienda Mwezini mara 3 zikarudi na udongo hata nusu kilo haufiki, safari 6 za Apollo zikaleta kilo 382.

Ila Mhariri, kuna jambo naomba gazeti lako lilifuatilie kila zinapotangazwa safari mpya, watu tunabaki kuulizia roketi ina ukubwa gani, hatuulizi nani anapanda. Waliokanyaga Mwezi ni 12, mwanajiolojia alikuwa mmoja tu, tena akapelekwa safari ya mwisho kabisa baada ya wanasayansi kulalamika. Safari hizi zijazo mtuulizie mapema, je, kwenye wale watakaoshuka chini kuna anayejua kusoma mawe?

Msomaji wako wa siku nyingi