Shosti, kuhusu Sembène

Shosti wangu,

Uliniuliza umwangalie nani kabla hujaanza kushuti muvi yako, na mimi jibu langu ni lile lile, Ousmane Sembène wa Senegal. Najua wanamuita baba wa sinema ya Afrika, ila mimi kilichonikamata ni jinsi alivyokuwa anafanya kazi, yaani ukiangalia vizuri kila kitu kwenye muvi zake kinaanzia swali moja, nani atakaa mbele kuangalia.

Maisha yake yenyewe ndo yalimpeleka huko. Kazaliwa Ziguinchor 1923, baba mvuvi, shule wakamfukuza mapema, akafanya umekanika, akafanya uashi, vita ya pili wakamvuta kwenye jeshi la Ufaransa, mwisho akawa kuli bandarini Marseille. Akavunjika mgongo kazini, na kipindi anauguza ndo akazama kwenye vitabu, akaanza kuandika, 1956 riwaya yake ya kwanza ikatoka, ya kuli mweusi huko huko Marseille. Sasa shida ikawa hii, wale anaowaandikia, makuli, wakulima, akina mama, wengi wao hawasomi Kifaransa. Akafunga safari mpaka Moscow kusomea sinema akiwa anakaribia miaka 40, na jina la uandishi tayari analo! Mimi hapo namvulia kofia kabisa. Sinema aliiita shule ya jioni.

Anza na Borom Sarret ya 1963, ni fupi tu, kama dakika 20 hivi, mtu na mkokoteni wake wa farasi Dakar. Kuna sehemu askari anamsimamisha kwenye mtaa wa wenye nazo, medali yake ya vita inaanguka, anainama kuiokota, mguu wa askari unaikanyaga. Basi, imeisha hiyo. Hakuna hotuba wala muziki wa kukulazimisha ulie, ila mtu aliyepigania Ufaransa umeshamjua na serikali mpya ya Senegal baada ya uhuru umeshaijua, yote kwenye mguu mmoja na kipande cha chuma. Irudie hiyo sehemu shosti, tena na tena.

Waigizaji wengi hawakuwa waigizaji, aliwatoa mtaani. Yule dada anayeigiza Diouana kwenye La Noire de... ya 1966, Mbissine Thérèse Diop, alikuwa mshonaji, na ule ukimya wake akiwa kijakazi Ufaransa sidhani kama mwingine angeuweza. Halafu Mandabi, 1968, akaipiga kwa Kiwolofu, baadaye Emitaï kwa Kidiola, Moolaadé kwa Kibambara, lugha za Afrika Magharibi zote. Na hakuziachia ziende zenyewe, alizibeba mwenyewe mpaka vijijini, anaonyesha, halafu anakaa na watu wanabishana. Xala ilipokatwa na wakaguzi wa serikali 1975 alichapisha vipeperushi akawagawia watu wajue sehemu gani zimetolewa, mzee hakuwa na mchezo.

Ila kwa hiyo skripti yako, yenye nguvu ni Moolaadé, ilitoka 2004, ana miaka 81, aliishuti kijijini Burkina Faso. Collé, mama mmoja wa kijijini, anawaficha wasichana wanaokimbia kukeketwa, na ulinzi wote ni kamba ya rangirangi imefungwa mlangoni, fupi hata mtoto anairuka, na hakuna mtu mzima anayethubutu kuivuka, wanaogopa laana. Wanaume wanakusanya redio za wake zao, wanazirundika mbele ya msikiti na kuzichoma moto, maana kwenye redio ndo wanawake wanasikia mambo. Alijua wanawake ndo wanabeba nyumba na akawapa muvi nzima, tangu Diouana mpaka Collé.

Akafariki Dakar 2007, na ile muvi ya Samori Touré, mtawala wa Afrika Magharibi aliyepigana na Wafaransa, aliyoihangaikia miaka mingi haikupigwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mamii, angalia hizo mbili kwanza, Borom Sarret na Moolaadé, halafu nitumie skripti, na uniambie bibi yako ataielewa bila mtu kumtafsiria.

Wako akupendaye