Utando wa Kijani-Bluu Unaorudi Kila Mara Kwenye Tangi la Mimea

"Niliutoa wote Jumamosi. Leo Jumatano umerudi."

Ujumbe wa namna hii tunaupokea mara nyingi kutoka kwa wenye matangi ya kioo ya samaki na mimea ya majini, na picha zinazokuja nao hufanana: changarawe imefunikwa na kitu kama kitambaa laini cha kijani kilichokolea kinachoelekea bluu, kimepanda juu ya majani ya chini na kuanza kuyabana. Mwenye tangi amekwisha kununua dawa, amezima taa siku tatu, amebadilisha maji, na bado.

Tunaandika haya kwa kirefu kwa sababu ushauri wa nusunusu ndio unaowarudisha watu palepale. Kuuua utando huu ni kazi ya siku chache. Kuuzuia usirudi ni kazi nyingine kabisa, na hiyo ndiyo hasa tunayoitwa kuifanya.

Hakikisha kwanza kwamba ndio wenyewe

Tumezoea kuuita mwani, lakini si mwani. Ni bakteria, sayanobakteria kwa jina lao, wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea inavyofanya. Ni viumbe wa kale mno. Wao ndio walioanza kuijaza hewa ya dunia oksijeni zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, kabla halijaota jani hata moja juu ya nchi kavu. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini dawa nyingi za mwani hazikufai hapa, na kwa nini kununua uduvi au samaki wala mwani kama Otocinclus hakusaidii. Hawaugusi. Tumeona konokono akifika ukingoni mwa utando, akageuza njia.

Njia rahisi ya kuutambua ni vidole vyako. Mwani wa kweli umelishika jani, itabidi usugue. Huu unabanduka kama karatasi iliyoloa, kipande kizima kwa mara moja, na unateleza. Uvute hadi juu ya maji uunuse: una harufu nzito ya udongo na uvundo ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Ikifika adhuhuri, baada ya taa kuwaka saa kadhaa, utaona vipovu vya hewa vimenaswa chini yake na kuuinua kama hema dogo. Rangi isikuchanganye, kwani upo wa kijani-bluu, upo unaokaribia weusi, na upo wenye wekundu wa zambarau.

Tahadhari moja usiipuuze. Baadhi ya jamii za sayanobakteria hutoa sumu zinazodhuru ini na mishipa ya fahamu. Huwezi kuzitambua kwa macho, kwa hiyo usivute maji kwa mdomo unapotumia mpira wa kufyonzea, osha mikono kwa sabuni ukimaliza, usiuguse ukiwa na kidonda kibichi, na ndoo ya maji machafu usiiache mahali paka au mbwa anaweza kunywa.

Kwa nini unarudi

Hapa tunaanza na kosa letu wenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi hii, kila mteja aliyelalamikia utando tulimwambia aache mbolea. Hoja ilionekana ya akili: kuna kitu kinachoota kisichotakiwa, basi virutubisho vimezidi. Wengi walitutii, na wengi wao hali iliwazidia. Tuliwapotosha, nasi tulichelewa kulitambua.

Tangi moja la lita 120 ndilo lililotufungua macho. Mwenyewe alikuwa amelizima taa mara tatu katika miezi mitano, na kila mara utando ulirudi baada ya wiki mbili au tatu. Tulipopima, naitreti, yaani chakula cha naitrojeni ambacho mimea hukinyonya majini, ilikuwa sifuri. Majani ya zamani ya mimea yake yalikuwa yakigeuka manjano kuanzia nchani, dalili ya wazi kwamba mmea unanyonya naitrojeni kutoka majani yake makuukuu ili ulishe machipukizi. Mimea ilikuwa na njaa. Mmea wenye njaa haukui, na usiokua unamwachia mpangaji mwingine nafasi yote.

Lakini mbona utando wenyewe haufi njaa? Kwa sababu haungoji chakula kitoke majini. Umelala juu ya uchafu wa samaki na mabaki ya majani yanayooza ndani ya changarawe, unakula palepale yanapoozea. Tena baadhi ya jamii zake zinaweza kuchukua naitrojeni ya kawaida, ile ileile iliyomo hewani, iliyoyeyuka majini, na kuigeuza chakula. Hakuna mmea wowote wa tangi lako unaoweza kufanya hivyo peke yake. Ukiacha mbolea umeinyima mimea, na adui umemwachia sahani yake.

Kabla hujaamini sifuri hiyo, hata hivyo, kiangalie kipimo chako. Vipimo vingi vya naitreti vya matone vina chupa ambayo kemikali yake hutuama chini. Isipotikiswa kwa nguvu, kwa muda wote uliotajwa kwenye maelezo, itakuonyesha sifuri au karibu na sifuri hata kama maji yamejaa naitreti. Tumewakuta watu wakiongeza mbolea kwa wiki kadhaa kwa sababu ya chupa ambayo haikutikiswa.

Sababu ya pili ni maji yasiyotembea. Jaribio lake ni la dakika moja, na tunamwomba kila mteja alifanye. Saga chembe chache za chakula cha samaki kati ya vidole hadi ziwe vumbi, zilowanishe, uziachie majini pembe moja hadi nyingine huku ukizitazama. Katika lile tangi la lita 120 vumbi lilikimbia vizuri mbele, likazunguka, lakini nyuma ya kipande kikubwa cha mti lilishuka wima, taratibu, kama kwenye glasi iliyowekwa mezani. Likatua juu ya changarawe na halikusogea tena. Utando ulikuwa umeanzia pale pale.

Tulifungua filta. Sponji ilikuwa imejaa tope la kahawia hadi haibonyei, na maji yaliyokuwa yakitoka mdomoni mwake ni kijitiririko tu. Mwenyewe alishangaa, maana pampu ilikuwa ikinguruma kama kawaida. Mngurumo wa pampu hauthibitishi kwamba maji yanapita. Ipo siku uliisafisha. Iandike tarehe hiyo juu ya filta yenyewe.

Sababu ya tatu ni mwanga, na si taa peke yake. Tazama tangi kwa ubavuni, pale changarawe inapogusana na kioo. Ukiona mstari wa kijani-bluu umejichora ndani ya changarawe, sentimita moja au mbili chini ya uso wake, hapo ndipo maficho yalipo. Mwanga wa dirisha unaingia kwa pembeni, unafika mahali ambapo maji hayatembei na uchafu umejaa, na utando unaishi humo salama hata baada ya wewe kusafisha kila kitu kilicho juu. Ukimaliza kazi yako ya Jumamosi, unatoka tena humo. Utepe mweusi uliobandikwa nje ya kioo, kuzunguka kimo chote cha changarawe, unatibu jambo hili kabisa. Ni dawa ndogo mno, na sisi tunaisifu kuliko chupa nyingi za madukani.

Tangi jipya ni habari nyingine. Katika wiki za mwanzo, kabla bakteria wa filta hawajaenea na mimea haijashika mizizi, utando kidogo ni wa kawaida. Utoe kwa mkono, punguza saa za taa, subiri.

Namna tunavyofanya kazi

Hatuanzi na giza. Tunaanza na kutoa. Filta inazimwa ili vipande visisambae, kisha mpira mwembamba unapitishwa taratibu juu ya utando na kuufyonza ukiwa mzima. Kila gramu inayotoka kwa ndoo ni gramu ambayo haitaozea ndani ya tangi. Majani yaliyofunikwa sana tunayakata, hatuyaoshi. Changarawe tunaifyonza kwa kina, ila si tangi zima kwa siku moja. Theluthi moja kila wiki inatosha, maana kuivuruga yote kwa pamoja kunaachia uchafu mwingi kuliko samaki wanavyoweza kuvumilia. Filta inasafishwa kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, kamwe si kwa maji ya bomba yenye klorini, la sivyo utawaua bakteria wema unaowategemea.

Baada ya hapo ndipo giza lina maana. Siku 3 kamili, hata 4 kama utando ulikuwa mnene. Giza kweli, si kuzima taa tu: tunalifunika tangi kwa blanketi zito pande zote, na hakuna kuchungulia. Hewa ya kaboni dioksidi, kwa anayeipulizia mimea yake, inafungwa, na jiwe la hewa linawashwa usiku na mchana, kwa sababu mimea gizani inatumia oksijeni badala ya kuitoa, na utando unaokufa unaila nyingine. Samaki wazima wenye afya hawadhuriki kwa kutokula siku hizo. Ukiwa na vifaranga usifanye hivi. Tuite tupange njia nyingine.

Likifunuliwa, maji yabadilishwe nusu siku hiyohiyo, mabaki yafyonzwe, na amonia, sumu inayotokana na uozo, ipimwe siku hiyo na siku mbili zinazofuata. Watu huruka hatua hii kwa furaha ya kuona changarawe safi, kumbe utando uliokufa bado umo unaoza.

Kwa vipande vichache vilivyobaki kwenye mti au mawe tunatumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Filta inazimwa, dawa inapulizwa pole pole kwa bomba la sindano lisilo na sindano, karibu kabisa na utando, tunangoja kama dakika kumi na tano ndipo filta inawashwa. Utaona vipovu vikitoka papo hapo. Hatuzidishi mililita 1 kwa kila lita 4 za maji ya tangi kwa siku, na penye uduvi tunapunguza zaidi. Kuvumwani (moss) na Vallisneria, mmea wa majani marefu kama utepe, huungua upesi kwa dawa hii, kwa hiyo tunaiweka mbali nazo. Na ukihesabu lita, kumbuka kwamba tangi linaloitwa la lita 120 halina lita 120 za maji. Toa changarawe, mawe na nafasi ya juu.

Kisha tunailisha mimea. Lengo letu ni naitreti ya miligramu 10 hadi 20 kwa lita. Kwa anayetumia naitreti ya potasiamu, gramu 1.6 katika lita 100 za maji huongeza takriban miligramu 10 kwa lita. Tunaiongeza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, tukipima. Taa tunairudisha kwa saa 6, kwa kifaa kinachoiwasha na kuizima chenyewe, na hatuiongezi hadi tuone machipukizi mapya. Mimea inayokua haraka, hata ile ya bei nafuu isiyopendeza sana, ipandwe kwa wingi wakati huu. Utaing'oa baadaye ukitaka.

Kuhusu antibiotiki

Tunaulizwa sana juu ya erithromaisini. Ndiyo, huua sayanobakteria, kwa kuwa ni bakteria. Hatuianzi, na tunakuomba nawe usiianze. Inaweza kuwagusa bakteria wa filta yako, dozi iliyokatishwa katikati inawaacha wale sugu wakizaliana, na maji hayo mwisho wake humwagwa mahali ambapo watu na wanyama wengine wanaishi. Zaidi ya hayo, haibadilishi lolote katika yale tuliyoyaeleza juu. Naitreti itabaki sifuri na maji ya nyuma ya mti yatabaki yamelala. Pale inapobidi kabisa, iwe kwa maelekezo ya daktari wa mifugo na dozi imalizwe.

Ukitaka tuje

Huduma yetu kwa tatizo hili ni ziara tatu: ya kwanza kupima na kutoa, ya pili siku ya kulifunua tangi, ya tatu wiki tatu baadaye kuona kama machipukizi yamekuja na mstari wa kioo umebaki safi. Kabla ya ziara ya kwanza tutumie picha ya tangi kutoka ubavuni, karibu na changarawe, pamoja na idadi ya saa taa inazowaka na siku filta ilipofunguliwa mara ya mwisho.

Na tafadhali, usilisafishe tangi kwa ajili ya kutupokea. Wateja wengi huona haya, wanaukwangua utando wote usiku wa kuamkia siku yetu, nasi tunakuta changarawe nzuri isiyotuambia chochote. Uache ulipo. Tunataka kuona umeanzia wapi.