Kwa swahiba wangu: ile filamu ya mamluki wazee

Swahiba,

Salaam nyingi kutoka Kigoma. Huku sisi wazima, na mama anauliza utavuka lini kuja kututembelea.

Juzi usiku nimeangalia The Wild Geese, ile filamu ya mwaka 1978, na tangu hapo natamani tuongee, maana wewe ni mtu wa Baraka, huko Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tajiri mmoja wa London anawakodi mamluki 50, wengi wao wamekwisha kula chumvi nyingi, wakamtoroshe Julius Limbani, kiongozi aliyepinduliwa katika nchi moja ya Afrika ambayo haimo kwenye ramani. Wanamtoa salama. Kumbe huku nyuma tajiri ameshaelewana na serikali ya nchi hiyo kuhusu shaba, na ndege iliyokuja kuwachukua inapaa na kuwaacha uwanjani wakiitazama.

Wale wazee nimewapenda, sikufichi. Richard Burton, anayeigiza kiongozi wao, alishavuka miaka 50 na uso wake unasema hivyo. Sajini anawakimbiza mazoezini mpaka pumzi zinawaishia. Na mwishoni, Richard Harris, mwigizaji mwingine wa mamluki hao, amepigwa risasi mguuni, anaikimbilia ndege ya Dakota inayoondoka, haifikii, anamsihi rafiki yake ampige risasi yeye kuliko kumwachia adui. Nililia.

Lakini kuna jambo limenikaa rohoni. Usiku ule wa kumtoa Limbani, mamluki wanaingia bwenini walikolala askari na kuwapulizia sumu vitandani. Vijana hao wanafia usingizini, na filamu inasonga mbele bila hata kugeuka kuwatazama. Harris anakufa akiita jina la mwanawe. Wao hatuambiwi hata jina la mmoja. Halafu wanaitwa Simba! Wewe huna haja ya kuelezwa Simba wa mwaka 1964, wale waasi wa Kongo, walikuwa nani. Mshauri wa mambo ya kijeshi katika filamu hii alikuwa Mike Hoare, yuleyule aliyewaongoza mamluki wa Tshombe, waziri mkuu wa Kongo, kupigana na Simba hao, na mwaka 1965 wakaishambulia Baraka kutokea ziwani. Nilimfikiria mzee wako na mtumbwi aliovukia.

Hata hivyo iangalie, kwa ajili ya Limbani. Anayemwigiza ni Winston Ntshona wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1975 alipata Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, kule New York pamoja na John Kani, naye yumo humu. Limbani ni mgonjwa, hawezi kutembea, na anayembeba mgongoni ni Coetzee, Kaburu asiyependa watu weusi. Wanabishana njia nzima, mmoja juu ya mgongo wa mwenzake, juu ya nani amsamehe nani. Filamu yenyewe ilipigwa Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi. Ntshona hapandishi sauti hata mara moja, na bado ndiye unayemsikia kuliko wote wenye bunduki. Kwangu mimi hao wawili ndio filamu. Mabomu na miamvuli ya kurukia kutoka ndegeni ningeweza kuyaacha.

Itafute, na kama mzee ana nguvu, mkae naye muiangalie pamoja. Ikifika pale bwenini, nataka kujua yeye atasema nini. Niandikie maneno yake kama atakavyoyatamka, usiyapunguze.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndugu yako wa Kigoma