YAH: KURUDISHIWA FEDHA ZA PROGRAMU YA TOVUTI ISIYOFANYA KAZI

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina nyumba ya wageni hapa Bagamoyo, Mji Mkongwe. Januari niliwalipa shilingi 3,800,000 kwa leseni ya mwaka ya programu yenu ya kuendeshea tovuti. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo. Mkataba mliuandika wenyewe, sina haja ya kuwasomea.

Nikibadilisha bei ya chumba na kubofya "Hifadhi", kiduara kinazunguka mpaka chai inapoa, kisha bei ya zamani inarudi palepale. Picha nazo hazipandi. Tarehe 12 Agosti nilipanda basi la alfajiri hadi kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, nikaja ofisini kwenu na kompyuta yangu mkononi. Kijana wa kaunta hata hakuiangalia. Akaniambia, "Mama, programu haina shida, shida ni mtumiaji. Mtafute mjukuu akubofyezee." Watu kwenye foleni wakacheka.

Kabla ya hapo, Julai, ilinifikia familia na mabegi yao. Baba akanionyesha simu: tovuti yangu inasema 45,000, mimi nadai 60,000. Ningemjibu nini? Vyumba vitatu, usiku nne, shilingi 180,000 zikapotea, na nikaonekana tapeli mlangoni pangu mwenyewe. Jirani yangu anayewatembeza wageni magofu ya Kaole anatumia WordPress, programu ya tovuti ambayo ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2003, naye hubadilisha bei zake kwa simu akiwa palepale magofuni. Mimi niliyelipa mamilioni nasubiri kiduara.

Narudia ya kaunta, maana mkiambiwa mara moja mtaisahau. Nilimwita yule kijana "mwanangu". Nilimwomba aangalie dakika moja tu, nibofye mbele ya macho yake. Kiduara kikiwa bado kinazunguka, akanyoosha mkono akaifunga kompyuta yangu kwa kidole kimoja, akasema, "Anayefuata." Mjukuu akubofyezee! Nimeendesha biashara hii miaka kumi na tisa, vitabu vya hesabu naandika mwenyewe.

Nilipoanza barua hii nilitaka fedha za miezi iliyobaki tu. Sasa nazitaka zote 3,800,000, na zile 180,000 juu yake. Nataka pia picha zangu, maandishi yangu na jina la tovuti yangu vikabidhiwe mikononi mwangu, pamoja na barua ya kuniomba radhi yenye sahihi yako wewe meneja, si ya kijana.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, sitapanda basi tena kuja kwenu. Malalamiko yangu nitayapeleka Tume ya Ushindani, kisha mahakamani, na yule baba wa Julai amekubali kuwa shahidi.

Wenu,
Mmiliki, nyumba ya wageni, Bagamoyo

Nakala: Wakili wangu