Barua ya wazi kwa mjomba: akija, tusimdai bei yake

Shikamoo Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti wa jana usiku, kuhusu yule mshambuliaji anayesemekana anakuja kwetu kwa rekodi ya klabu, yaani bei kubwa kuliko zote tulizowahi kulipa, nimeusikiliza mara tatu. Mwanzo unaongea taratibu, katikati unacheka peke yako, mwisho unapaza sauti kabisa: "Akisaini huyu, ubingwa wetu!" Nikaona nikujibu hapa hadharani, kwa kuwa wapo wenzetu wengi wanaolala na kuamka na tetesi hizihizi tangu dirisha la usajili lifunguliwe.

Kwanza nikutoe wasiwasi: hata mimi namtaka. Msimu mzima tumepiga krosi zisizo na mwenyewe. Tunafika hadi ukingoni mwa boksi, kisha mpira unarudi kwa beki kama vile tumesahau tulichofuata kule mbele. Mshambuliaji anayejua kujificha nyuma ya beki na kuchomoka kwa wakati ndiye tuliyemkosa. Kwa hiyo juu ya mchezaji sibishani nawe. Linaloninyima raha ni hilo neno "rekodi ya klabu", na mzigo ambao mimi na wewe tumeshaanza kumfungia kabla hata hajapimwa afya.

Uliuliza pesa zinatoka wapi. Mara nyingi klabu hulipana kwa awamu, na sehemu ya dau huwa ni nyongeza zinazolipwa akifikisha idadi fulani ya mechi au timu ikitwaa kombe. Ndiyo maana gazeti moja linaandika kiasi hiki na jingine kile, na yote mawili yakawa sahihi. Kwenye vitabu vya hesabu, dau hugawanywa kwa miaka ya mkataba: mchezaji wa pauni milioni 100 akisaini miaka 5, anaandikwa milioni 20 kila mwaka. Chelsea waliwapa wachezaji mikataba ya miaka 7 na 8, wakigawa dau vipande vidogovidogo, hadi mwaka 2023 UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikaweka kikomo cha miaka 5 kwenye hesabu hizo, na Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata. Basi ukisikia viongozi wanasema lazima tuuze kwanza, usiwaite wachoyo. Everton walikatwa pointi 10 mwaka huohuo kwa kuvuka kiwango cha hasara kinachoruhusiwa na ligi, na hata baada ya rufaa adhabu ilibaki pointi 6.

Kuna kipengele kimoja kwenye biashara hii ninachokipenda sana, sijui kama nimewahi kukwambia. Mchezaji akinunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya dau igawiwe klabu zilizomlea tangu alipokuwa na miaka 12 hadi 23. Yaani ile timu ndogo iliyomfundisha kutuliza mpira inakumbukwa. Hiyo ni haki.

Sasa tuje kwenye rekodi zenyewe. Wewe ndiye uliyenisimulia habari za Trevor Francis, anayekumbukwa Uingereza kama mchezaji wa kwanza wa pauni milioni 1, alipokwenda Nottingham Forest mwaka 1979. Mwezi Mei mwaka huo akafunga kwa kichwa bao pekee la fainali ya Kombe la Ulaya (sasa Ligi ya Mabingwa) dhidi ya Malmö. Umeisimulia hadithi hiyo kila dirisha linapofunguliwa. Lakini ya Coutinho, kiungo wa Brazil, huisimulii. Januari 2018 Barcelona walimchukua kutoka Liverpool kwa dau kubwa kuliko yote katika historia yao hadi wakati huo. Mwezi huohuo Liverpool walimsajili beki Van Dijk kwa pauni milioni 75, kiangazi kilichofuata wakamleta kipa Alisson, na mwaka 2019 wakawa mabingwa wa Ulaya, tena baada ya kuipiga Barcelona 4–0 pale Anfield katika nusu fainali. Agosti 2020, akiwa Bayern kwa mkopo, Coutinho akaingia kutoka benchi na kuifunga Barcelona mabao mawili katika ile mechi waliyopigwa 8–2. Je, mtu huyo alikuwa hajui mpira? Alikuwa anaujua sana. Alipelekwa mahali ambapo nafasi yake haikuwepo, halafu kila pasi aliyokosea ikapimwa kwa bei.

Na sisi tumewahi kufanya hivyohivyo, Mjomba. Hapa ndipo hasa nilipotaka kufika.

Unamkumbuka yule winga wetu anayeshikilia rekodi ya bei hadi leo. Jina lake sitalitaja, ameshaumia vya kutosha. Tulikuwa wote uwanjani, mechi yake ya tatu nyumbani, mbele kabisa upande wa kushoto anapochezea. Alijaribu kumpita beki, akapoteza mpira, watu wakanyamaza. Akajaribu tena, akapoteza, watu wakasonya. Mara ya tatu ukasimama ukapiga kelele, "Rudisha pesa zetu!" Nami nikasimama nikaitikia, na jukwaa zima likapokea. Alikuwa karibu nasi kiasi kwamba nilimwona akiinama kuvuta soksi ambayo ilikuwa imeshafika magotini. Aliivuta taratibu, macho chini, hadi refa akampigia filimbi.

Baada ya siku ile hakumjaribu beki tena. Angalia mechi zake zote zilizofuata: mpira ukimfikia, anageuka, anarudisha nyuma. Alinunuliwa kwa ajili ya chenga, akaziacha palepale mbele yetu. Akaenda kwa mkopo, mkataba ukaisha, akaondoka bure. Kila mwaka tunasema klabu ilitupa pesa. Mimi naamini sehemu ya pesa hizo tulizitupa wenyewe jioni ile, na hili nimekaa nalo kifuani miaka yote hii.

Mchezaji hapangi dau lake. Hupangwa na klabu inayouza, uhaba wa washambuliaji, idadi ya wanaomtaka, miaka iliyobaki kwenye mkataba. Yeye anapata mshahara, na mshahara wake tuna haki ya kuudai: akimbie, afike mazoezini, akabe kona. Bei wadaiwe waliokubali kuilipa. Mkurugenzi wa usajili aulizwe, kocha aulizwe kama anajua atamchezesha wapi na nani atamlisha mipira.

Nakuomba jambo moja, Mjomba, nami naliahidi kabla yako. Tumpe mechi kumi. Ndani ya mechi hizo kumi, akikosa hata bao la wazi, lile ambalo wewe husema mtoto angefunga, tusiguse habari ya pesa. Tukasirike, tushike vichwa, halafu tumwimbie jina.

Tiketi za mechi ya kwanza nyumbani nimeshanunua. Viti ni vilevile, upande wa kushoto, mbele kabisa.

Mpwa wako