Barua kwa Mama Neema: Njoo Tumalizie Nyandarua

Kasarani, Nairobi
Januari

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi sote ni wazima, watoto wamerudi shule, na hofu yetu ni kwenu tu. Natumai mgongo wa Baba Neema umepoa na joto la Mombasa halijawazidi nguvu.

Ama baada ya salamu, barua yako niliipata na nikaisoma mara mbili. Uliniuliza kama ni kweli tunaipanda safu nzima ya milima ya Nyandarua, hii inayoitwa pia Aberdare, na siku za kufanya hivyo tunazitoa wapi. Nitaanza na hilo la siku, maana najua ndilo linalokukwamisha.

Siku hatuna. Mimi unaijua kazi yangu. Katika kundi letu mmoja ni nesi wa zamu za usiku, mwingine anauza mitumba Gikomba na Jumamosi ndiyo siku yake ya mauzo. Hakuna kati yetu anayeweza kuomba likizo ya wiki mbili akatembee mlimani. Kwa hiyo mlima tunauchukua vipande vipande. Wikendi moja tunapanda kilima kimoja, tunarudi nyumbani, tunafua, tunaingia kazini Jumatatu na miguu inayouma, na mwezi ukiandama tunakwenda kilima kinachofuata. Kule Marekani kuna njia ya Appalachian, kutoka Georgia hadi Maine, karibu kilomita 3,500, na watu wengi huimaliza hivi hivi, wengine kwa miaka mingi. Wao wamepakiwa alama nyeupe kwenye miti mwanzo hadi mwisho. Sisi tuna mgongo wa mlima unaotoka kusini kwenda kaskazini, na askari wa msitu anayeijua njia.

Tulianza mwaka jana masika yalipokwisha. Kipande cha kwanza ni Elephant Hill, na hicho nataka nikueleze vizuri. Unatoka mjini saa kumi na moja alfajiri, gari linapita Limuru, linafika Soko Mjinga, hapo watu wanashuka kununua ndizi na karoti, kisha linakata kuelekea Njabini. Kwenye kituo cha msitu mnajiandikisha na mnapewa askari mwenye bunduki. Usimwone kama pambo. Mianzini tulikuta kinyesi cha ndovu katikati ya njia. Yule askari akainama, akakigusa kwa nyuma ya kidole, akasikiliza kidogo, akasema ni cha jana, twende. Tulimfuata bila neno.

Hiyo mianzi, Mama Neema, nilikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho. Imesongamana hata saa nne asubuhi unadhani ni magharibi. Ile michanga inachomoza ardhini imevaa maganda yenye vinyweleo, na ukiishika kwa mkono mtupu inawasha, kwa hiyo tafuta glavu, hata za bustani. Chini ni tope jeusi linalong'ang'ania kiatu. Wenyeji wote huvaa gambuti na sasa nami navaa gambuti, nimeacha habari za viatu vya bei. Kila ninapopita pale nawawaza wapiganaji wa Mau Mau walioishi humo, siku baada ya siku, kwenye baridi na mvua, hadi Dedan Kimathi alipokamatwa ukingoni mwa msitu huu upande wa Nyeri mnamo Oktoba 1956. Mimi nilikuwa na chapati mfukoni na gari linaningoja, na bado nilichoka.

Mianzi ikiisha unatokea kwenye uwazi, upepo unakupiga usoni, na unaona kilele bado kiko mbali sana. Wapandaji wamepaita mahali hapo pa kukata tamaa. Ni kweli wapo wanaogeukia hapo. Lakini ukishakaa ukala, ukaanza tena taratibu, kilima kinakubali.

Juu kule ndiko nilikopata jambo ambalo nimekuwa nikitamani kukueleza ana kwa ana. Ardhi yote ni mafungu ya nyasi na ile mimea laini ya kijani inayotanda chini (moss), na ukikanyaga, maji yanachuruzika pembeni mwa kiatu, hata kiangazi. Kuna lobelia ndefu kunizidi, na ukichungulia katikati ya majani yake yaliyojipanga duara unakuta maji yametuama humo, safi, baridi, na mdudu mmoja anaelea. Kisha ukiinua macho unaliona bwawa la Sasumua kule chini, na ng'ambo ya mashariki ndiko liliko bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, ambalo Nairobi inalitegemea kwa sehemu kubwa ya maji yake. Kwetu Kasarani maji huja kwa mgao, unajua. Nimeishi na mitungi na ndoo miaka yote hii, na sikuwa nimewahi kusimama mahali maji yale yanapoanzia. Niliinama nikaikamua ile mimea laini kwa kiganja. Ikatoa maji kama sifongo ya kuoshea vyombo. Nilitaka kulia, na sioni haya kukuambia.

Upande ule ule wa mlima ndiko ilikoanguka ile ndege ndogo iliyotoka Kitale, Juni 5, 2018, na watu wote 10 waliokuwa ndani wakafariki. Ukungu wa pale unafunga ghafla. Tulipofika kileleni tulinyamaza kidogo kwa ajili yao.

Rurimeria, kilichozidi mita 3,800, sitakueleza mengi kwa sababu hatukuona mengi. Ilikuwa Julai, ukungu mtupu kutoka asubuhi hadi jioni, tunafuata mgongo wa aliye mbele. Kinangop ndicho kilichonipa raha. Kina mita 3,906, na mwisho wake ni jiwe ambalo unalipanda kwa mikono na miguu. Siku hiyo kulikuwa na jua, na yule nesi wetu, ambaye huogopa hata ngazi za jukwaani kanisani, alifika juu akapiga kelele zilizosikika hadi kwa waliobaki chini. Vuli ilipoanza tukapumzika. Kwenye mvua ile njia inageuka kijito.

Sasa wapo wanaotuambia kwamba mlima wa vipande si mlima, eti kama hukulala humo siku zote na kuunganisha kila hatua hujapita. Nimelifikiria sana hilo. Kwanza, katikati ya safu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1950, ina nyati na ndovu, na si mahali pa kujikatia njia ili tu uweze kusema umeunganisha. Na hata kama ingewezekana, mimi naona tumepata kitu ambacho anayepita mara moja hapati. Tumeuona mlima huo huo wa kijani baada ya masika, mweupe kwa ukungu wa Julai, na sasa Januari nyasi zimekauka rangi ya simba. Mama anayetuuzia chai Njabini anatuuliza yule mwenzenu mwenye kofia nyekundu yuko wapi leo. Askari ametuonyesha uzio wa umeme unaozunguka msitu, wa karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009, na wakulima wa viazi wametuambia jinsi usiku wao ulivyokuwa kabla yake, wakipiga madebe kufukuza ndovu. Hayo ungeyapata wapi ukipita mbio?

Na kingine: kati ya kipande na kipande unaishi na mlima kichwani. Niko kwenye matatu Thika Road, foleni haisogei, na mimi nawaza wapi pa kujaza maji na nani atabeba sufuria.

Kilichobaki ni kaskazini, na hapo ndipo nakutaka wewe. Tunataka kupanda Satima, mita 4,001, mlima wa tatu kwa urefu hapa Kenya, mwishoni mwa Februari kabla masika hayajaingia. Tutalala usiku mmoja kwenye hema. Ni msimu mkavu, kwa hiyo hatutawasha moto kabisa isipokuwa jiko la gesi. Februari 2022 mlima huu uliungua, na nyasi zile zikishika moto hazizimiki kwa ndoo.

Sikiliza basi, kwa sababu unatoka usawa wa bahari. Usije Ijumaa jioni ukapanda Jumamosi. Kule juu unavuta kama theluthi mbili tu ya hewa uliyoizoea Mombasa, na kichwa kinaweza kukuuma hadi ukatapika. Njoo Jumatano na treni ya SGR, ulale kwangu, Nairobi yenyewe iko juu kiasi, mwili uanze kuzoea. Alhamisi tutatembea msitu wa Karura bila haraka, Ijumaa twende hadi vilima vya Ngong kama utakuwa na nguvu. Kunywa maji mengi hata kama huna kiu. Na mlimani kichwa kikianza kukugonga, unasema papo hapo, tunashuka wote. Hakuna anayebaki nyuma peke yake, hiyo tumekubaliana tangu mwanzo.

Usinunue kitu. Koti la mvua nitakuazima, gambuti za saizi yako yule mwenzetu wa Gikomba ameshaziweka kando. Soksi za sufu lete jozi mbili, na kofia ya kufunika masikio, maana alfajiri kule kunaganda barafu kwenye nyasi. Ada ya hifadhi tunalipa mapema kupitia eCitizen, nitakujumlisha na wengine, utanirudishia ukifika.

Najua utasema hujawahi kupanda chochote kirefu zaidi ya ngazi za Fort Jesus. Hata mimi nilianzia hapo hapo, na nakumbuka wewe ndiye uliyekuwa ukitembea kutoka Nyali hadi mjini kwa miguu ili tu kuokoa nauli, na ukafika umetangulia sisi tuliopanda gari. Miguu unayo. Neema amekua, atakaa na shangazi yake siku hizo chache.

Niandikie kabla ya wiki ya kwanza ya Februari ili nimpe kiongozi idadi kamili. Kama Baba Neema ana wasiwasi, mwambie anipigie, nitamweleza kila kitu, pamoja na namba ya askari.

Wasalimie wote, hasa bibi yako wa Kisauni, na umwambie ile achari yake ya ndimu imekwisha. Ukija, usisahau kuibeba.

Rafiki yako daima,
Mama Baraka