Yah: Konsoli ya seriali ninayoilipia imenifungulia seva ya mtu mwingine

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Habari za kazi ndugu meneja. Naandika kutoka hapa Mtwara mjini, Ligula. Mimi ni mteja wenu mwaka wa tatu sasa, nina seva moja kwenye datasenta yenu ya Dar, mashine nzima sio kipande, na sijawahi kuchelewesha malipo hata mwezi mmoja. Nilikaa siku mbili kwanza kabla sijaandika, nikisema labda hasira zitapungua, ila kila nikikumbuka nilichokiona kwenye ile skrini zinarudi palepale.

Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa saba na dakika arobaini, seva ikapotea. Ping, ya kuuliza kama mashine iko hewani, kimya, SSH, ya kuingilia kwa mbali kupitia mtandao, kimya. Baadae ndo nikaja kujua kuwa usiku huo mlikuwa mnahamisha mashine kutoka reki moja kwenda nyingine, na mimi sikupata imeili wala meseji wala simu. Mafundi wenu walipozirudisha diski hawakuzichomeka kwenye milango ileile, kwa hiyo diski iliyokuwa inaitwa sdb ikawa sdc, na fstab yangu, faili linaloiambia mashine diski za kufungua inapowaka, ilikuwa inaitafuta sdb1, Linux ikaikosa ikasimama kwenye hali ya dharura inasubiri mtu aandike paswadi ya root, yule mwenye mamlaka yote kwenye mashine. Nilitakiwa niwe nimeandika UUID, namba ya utambulisho isiyobadilika kwa kuhamisha mlango, badala ya jina la diski, hilo kosa ni la kwangu na nalikubali. Lakini sasa ndugu zangu, konsoli ya seriali kazi yake si ndo hiyo? Pale ambapo SSH haijaamka na mtu yuko mbali, anaingilia kwenye ule waya uliochomekwa kwenye mashine yenyewe, anaona mashine inasema nini inapowaka, anarekebisha. Elfu thelathini ya ziada kila mwezi nawalipa kwa ajili ya usiku kama ule, basi.

Na niseme kwanini niliichagua hii na sio ile ya picha ya kwenye brauza. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitupiga huku kusini, barabara ya kwenda Dar ikakatika kule Somanga, halafu siku chache mbele, tarehe 12 Mei, mikonga ya EASSy na Seacom ikakatika baharini na intaneti nchi nzima ikawa ya kusuasua. Kipindi kile picha haifunguki, video ndo usiseme, lakini maandishi yanapita. Konsoli ya seriali hata ukiiweka kwenye kasi ndogo ya 9600 (biti kwa sekunde) inapitisha herufi 960 kwa sekunde, skrini nzima ya mistari 24 inajaa ndani ya sekunde mbili, na bando la simu linatosha kabisa. Mtu wa Mtwara anayetunza seva ya Dar, zaidi ya kilomita 550, hana kamba nyingine ya kushika.

Sasa usiku ule nikaingia kwenye konsoli, akaunti yangu, namba ya mlango wangu ileile ya siku zote kwenye mashine yenu ya konsoli. Skrini tupu. Hiyo ni kawaida, seriali haikuonyeshi yaliyopita mpaka ubonyeze kitu, nikabonyeza Enter. Ikatoka alama ya reli (#), yaani root kabisa, haijaomba jina wala paswadi, na jina la mashine lililoandikwa pale sio la kwangu, ni la biashara ya mtu mwingine ambaye simjui. Mikono niliitoa kwenye kibodi.

Naomba msome hapo taratibu. Mtu wenu au mtu wa yule mteja aliingia kwenye konsoli akaondoka bila kulogaut, na seriali ukichomoa waya haijifungi yenyewe kama haijasetiwa hivyo, ile sesheni inabaki wazi inamsubiri anayefuata. Halafu mkahamisha waya mkauchomeka kwenye mlango wangu. Anayefuata nikawa mimi. Niliwaza niandike exit nimfungie mwenzangu mlango, nikaogopa labda kuna kazi yake inaendelea humo nikaiua, nikatoka bila kuandika herufi hata moja. Lakini angeingia mwingine je? Na kama mimi nilikuwa naangalia ya mwenzangu, ya kwangu ilikuwa imechomekwa kwa nani? Hilo swali nimeliuliza kwenye tiketi mara tatu na mara zote tatu mmejibu mambo mengine.

Nikapiga simu ya dharura saa nane na nusu. Dada aliyekuwa zamu alinipokea vizuri na simlaumu, ila akasema yeye hana ruhusa ya kugusa nyaya, mafundi wa kufanya hivyo wanarudi Jumatatu, na kama nina haraka nifike ofisini na kitambulisho. Nikamwambia dada yangu mimi niko Mtwara, basi linaondoka alfajiri na siku nzima inaishia njiani. Asubuhi akanijibu kaka mwingine, huyo ndo akaniambia bora waifomati seva waniwekee upya. Waifomati! Diski ni nzima, data zipo zote, kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye faili moja.

Kwenye ile seva kuna hesabu za vyama vya msingi vya ushirika vitatu, viwili vya Tandahimba kimoja cha Newala. Mkulima akileta korosho ghalani zinapimwa, kilo zinaingia kwenye mfumo, anapewa risiti yake. Na huu ndo msimu umechanganya. Ijumaa nzima katibu mmoja ananipigia, watu wako kwenye foleni na magunia, anaandika kwenye daftari kwa mkono, na wengine wameanza kubeba mizigo yao kurudi nayo nyumbani. Huku kila mtu anajua mkulima akirudi na gunia lake nyumbani anayemsubiri njiani ni nani, ni mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, na bei yake ya kumwonea. Wewe uliyeko Dar unaweza kuona ni waya tu umekosewa.

Jumamosi saa tisa alasiri ndo fundi mmoja akakubali kukaa na mimi kwenye simu. Nikamwambia chomeka huu, hapana, rudisha, chomeka ule wa chini yake, bonyeza. Kwanza yakaja makorokoro yasiyosomeka, nikajua kasi haziendani, upande wenu mmeweka 9600 na mashine inaongea kwa 115200, akabadilisha. Ndo nikaona ule ujumbe wa kuomba paswadi ya root umekaa pale unanisubiri tangu juzi usiku. Nikaandika, nikafungua fstab, nikabadilisha mstari, nikarestart. Dakika nne. Baada ya masaa 37.

Ninachotaka ni hiki. Yule mteja ambaye root yake ilikuwa wazi mwambieni leo, ana haki ya kujua, na mimi niambieni waya wangu ulikuwa kwa nani na kama kuna mtu aliingia, mnazo logi, kumbukumbu za walioingia, za ile mashine ya konsoli. Mkihamisha mashine toeni taarifa siku kadhaa kabla, na mkimaliza kuchomeka mtu akae abonyeze Enter kwenye kila mlango aone jina linalotoka ni la mwenye mlango, hiyo kazi haichukui hata saa zima. Wa zamu ya usiku awe na ruhusa ya kugusa waya. Na elfu thelathini zangu za mwezi huu mnirudishie, za mwezi ujao nitalipa nikishaiona konsoli inafanya kazi kwa macho yangu.

Logi zangu na picha ya skrini ya usiku ule, jina la yule mteja nimelifunika, nimeviambatanisha kwenye tiketi. Namba yangu mnayo, nipo hewani mpaka saa sita usiku kila siku, na majibu nayasubiri kwa maandishi kabla ya Ijumaa maana Jumamosi vyama vinapokea tena mzigo.

Mteja wenu,
Mtwara